Kusi, Bamvua na Sikio la Akida

Somo la juma: Matendo ya Mitume 27:9–44



Tumo katikati ya kipupwe. Baridi ya Julai huku pwani ni ya kuchekwa na mtu wa Makete, anayeamka na kukuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi. Sisi tunaongeza shuka moja na kulalamika juma zima. Uzito wa msimu huu kwetu haupo kwenye baridi. Upo baharini. Kusi imeshika, na wenye vyombo wanajua maana yake: mkondo unaokwenda kaskazini umeongeza kasi, bahari imechafuka nje ya mwamba, na mshipi wa kilindini unasubiri siku za nafuu.

Majuma haya taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa inarudia maneno ambayo wengi wetu tumeyakariri: angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, kwa baadhi ya maeneo ya pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara pamoja na Unguja na Pemba. Halafu huja ile sehemu inayowachekesha watu vijiweni: uwezekano wa kutokea, wastani. “Wastani ndiyo nini?” anauliza mmoja. “Waseme itavuma au haitavuma!” Na siku upepo usipofika kiwango kilichotajwa, basi jina la waongo linawaganda wale wataalamu mpaka msimu mwingine.

Nataka tulisome somo letu tukiwa na vicheko hivyo masikioni, kwa sababu Matendo 27 ni habari ya utabiri wa hali ya hewa uliopuuzwa.

Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi. Wamepanda merikebu ya Iskanderia iliyobeba ngano ya Misri. Upepo umewakatalia, wamesogea kwa taabu mpaka Bandari Nzuri, upande wa kusini wa Krete, na siku zimekwenda. Luka anataja kwamba Mfungo ulikuwa umekwisha kupita, yaani Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Kwa mabaharia wa Mediterania hilo lilitosha kama onyo. Kuanzia katikati ya Septemba safari zilihesabiwa kuwa za hatari, na kuanzia Novemba hadi Machi bahari ilikuwa kama imefungwa. Vyombo vilivutwa bandarini vikangoja majira ya baridi yapite. Paulo, ambaye alikuwa amekwisha kuvunjikiwa na merikebu mara tatu kabla ya hapo (soma 2 Wakorintho 11), anawaambia kwamba wakiondoka wataharibikiwa. Angalieni vizuri: hapa hasemi kwamba malaika amemtokea. Malaika atakuja baadaye, katikati ya tufani. Hapa anazungumza kama mtu anayejua kalenda na aliyewahi kuionja bahari.

Akida aliyekuwa na amri juu yao akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Sitamlaumu haraka. Nahodha ni fundi wa kazi yake, na mfungwa ni nani hata aingilie? Lakini mwenye merikebu alikuwa na hesabu zake. Rumi ilikula ngano ya Misri, na miaka michache kabla ya safari hiyo Kaisari Klaudio aliwaahidi wafanyabiashara wa nafaka kwamba atabeba hasara yao endapo chombo kitaharibiwa na dhoruba wakisafirisha wakati wa baridi. Fidia ilikuwa ya mwenye mali. Bandari yenyewe haikuwafaa kukaa msimu mzima, bandari nyingine ya Krete, Foinike, ilikuwa mbele kidogo tu, na walio wengi wakapiga shauri waondoke.

Ndipo kikaja kile kipande ambacho mimi nakiona cha kutisha kuliko tufani yenyewe: upepo wa kusini ukavuma polepole. Taratibu kabisa. Wakadhani wamepata walichokitaka, wakang'oa nanga.

Kusi yao na kusi yetu si ndugu, lakini hila ni ileile. Mnaoishi pwani mnaijua asubuhi ya Julai. Saa kumi na moja alfajiri umande unatoka nchi kavu, bahari imetulia ndani ya mwamba, mtu anasimama mchangani na kusema, “Mungu amefungua.” Anapandisha tanga. Kufika saa tano kusi inaanza kukaza, saa nane imekaza kweli, na yeye yuko nje anahangaika kupunguza tanga huku mwenzake akikalia tengo la upande wa upepo ili ngalawa isilale. Utulivu wa alfajiri haukuwa jibu la sala yake. Ulikuwa utulivu wa alfajiri, ambao huja karibu kila siku, na taarifa ya jana usiku ilikuwa imesema habari ya mchana.

Ongezeni na maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huku kwetu maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kabisa kama saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne pale Unguja. Kwa hiyo anayerudi jioni ya bamvua katika msimu huu anakuta maji yamejaa saa zilezile ambazo kusi imekaza. Mwamba uliokuwa ukivunja mawimbi asubuhi umezama, na wimbi linaupita juu mpaka ufukweni. Asubuhi ulitoka kwenye bahari moja, jioni unarudi kwenye nyingine.

Akina mama wanaolima mwani upande wa mashariki wa Unguja wangeweza kutufundisha somo hili bila kufungua kitabu. Kazi yao inakwenda kwa mwezi. Bamvua ikifika wanashuka na maji yanayopwa, wanainamia kamba zao na kufunga vikonyo vya mwani kwa tai-tai kimoja kimoja, maji yakiwa magotini, na mgongo ukiuma hawanyooki kwa sababu saa zinahesabika. Maji mafu yakiingia, shamba limefunikwa, kazi imesimama, na hakuna anayenung'unika. Kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana, na hili wanalijua kama unavyoijua njia ya kwenda kwako gizani.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Ratiba ya maji kujaa na kupwa huchapishwa kwa mwaka mzima, saa na dakika, kwa kuwa inafuata mwezi na jua, na hivyo havijawahi kuchelewa. Upepo haukubali kuchapishwa hivyo. Unatoka mbali, kwenye mgandamizo mkubwa wa hewa unaojijenga upande wa visiwa vya Mascarene huko kusini mashariki mwa Madagaska, unavuka mpaka kwetu, ukipanda Somalia na kwenda kuinyeshea India. Mtaalamu anaweza kukuambia habari zake za siku chache zijazo, naye kwa kipimo. Bahari ni hiyo moja, nusu yake inajulikana mwaka mzima mbele, nusu nyingine kwa siku chache tu.

Mimi naona Mungu ametuwekea vyote viwili, na taabu yetu ni kuvichanganya. Yale aliyoyaweka wazi tunayapuuza, kisha yale ambayo hakutuonyesha tunamdai atuonyeshe leo. Kijana anakuja kwa mchungaji kuuliza kama ni mapenzi ya Mungu asafiri, na simu yenye angalizo iko mfukoni mwake. Mwingine atakwenda kwa nabii amtajie siku na saa, na nabii, bila haya, atamtajia. Linganisheni na yule mtaalamu wa hali ya hewa anayesema “wastani”. Nani kati yao ana hofu ya Mungu kinywani? Mtu anayekuambia kipimo cha anachokijua, akaishia hapo, amekuheshimu. Anayesema “nimeona, nenda” bila kipimo chochote amekuweka rehani.

Nanyi mnajua jinsi Ibilisi alivyomwambia Bwana ajitupe kutoka juu ya hekalu, akitegemeza shauri lake kwa Zaburi. Bwana alikataa. Kuomba ufukweni halafu kutoka wakati umeonywa usitoke ni jaribu la ukoo uleule, hata kama sala yenyewe ni nzuri na ina machozi.

Nasema haya nikijua kwamba si kila anayetoka ni mkaidi. Chombo kisipotoka hakuna mgawo, na mgawo usipokuwapo watoto watakula nini? Tajiri wa chombo hupata fungu lake la chombo na la nyavu. Baharia anategemea siku ile ile. Ndiyo maana dhambi ya somo hili siipeleki kwanza kwa mabaharia. Naipeleka kwa mwenye merikebu na kwa akida, wenye uwezo wa kusema “tungoje” na chakula kikaendelea kupikwa nyumbani kwao.

Tarehe 18 Julai 2012, boti ya MV Skagit ilitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, Ramadhani ikikaribia, watu wakirudi makwao. Bahari ilikuwa mbaya na upepo mkali. Ikapinduka karibu na Chumbe, na watu zaidi ya mia moja walikufa au hawakuonekana tena. Wapo kati yetu wanaokumbuka jina la mtu. Kwa upande mwingine, mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja upande wa Mafia, tahadhari zilitolewa mapema na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Abiria walilalamika bandarini. Naomba tuzoee malalamiko ya namna hiyo.

Tumrudie Paulo, maana hakuishia kwenye kuonya. Baada ya siku nyingi za tufani, bila jua wala nyota, anasimama kati yao na neno lake la kwanza ni kwamba wangemsikiliza. Ni binadamu, amelisema, na Luka hakulificha. Lakini baada ya hapo hakuna masimango. Anawatia moyo, anawaambia hakuna atakayepotea. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanapima kina, pima ishirini, kisha kumi na tano, wanatupa nanga nne tezini na kuomba kuche. Kisha wanajaribu kutoroka kwa mashua, wakijifanya wanakwenda kuweka nanga za omo, na ni Paulo anayewazuia, kwa kuwa bila wao wengine hawatapona. Anashika mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anakula, nao wanakula. Merikebu ilivunjika Malta. Watu 276 walifika pwani, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao.

Aliyeonya akadharauliwa alibaki ndani ya chombo pamoja na waliomdharau. Tunao kati yetu wanaojua kusema “nilikuambia” na kuondoka zao. Familia iliyopoteza mtu baharini haihitaji kusikia habari ya angalizo siku ya matanga. Inahitaji unga, mkaa na mtu wa kukaa nao.

Kwa juma hili nina maombi machache. Mwenye simu au redio, taarifa ya jioni ikitaja upepo na mawimbi, ampigie jirani anayetoka alfajiri, na asimwache mzee asiye na simu. Ratiba ya maji imebandikwa kwenye ubao wa matangazo mlangoni mwa kanisa. Wazee wa kanisa wapeleke nakala msikitini, maana wavuvi wa kijiji hiki wanatoka pamoja na wanarudi pamoja. Na ninyi wenye vyombo, siku ya angalizo wapeni vijana wenu posho ya siku, mkate kidogo kidogo kwenye mgawo kusi itakapolegea.