Ikiwa Hapana Mgombea Anayefaa

Limetufikia swali kutoka kwa baadhi ya ndugu zetu wa Busia na Malaba, nalo si swali la watu wavivu. Wanasema: Tumepiga kura tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, tukapiga mwaka 2017, tukapiga na 2022. Kila muhula hutujia mtu na ahadi, kisha huondoka nazo kama alivyokuja nazo. Mama wa sokoni hulipa ushuru, mwenye lori hulipa ada ya kuegesha, kijana wa bodaboda (kazi iliyozaliwa hapa hapa mpakani katika miaka ya 1960) hulipa naye; lakini mvua ikinyesha njia ya soko ni tope lile lile. Je, yajuzu mtu kuwakataa wagombea wote?

Jawabu yetu ni kwamba yajuzu, na pengine humlazimu. Lakini kukataa kuna masharti yake, na wengi wanaojiita wakataaji hawajayatimiza.

Wanazuoni wengi wa zama zetu wameifananisha kura na ushahidi. Sisi twaona inakaribia zaidi tazkiya. Kadhi akiletewa shahidi asiyemjua, huwauliza jirani zake: Je, mtu huyu ni muadilifu? Aliyeulizwa akijibu "ndiyo", hali anajua ya kuwa mtu yule ni mla amana, amesema uongo mbele ya Mwenyezi Mungu. Na akisema "simjui kwa uadilifu", hakumsengenya, kwani ameulizwa kwa ajili ya haki za watu. Basi mpiga kura naye ni jirani aliyeulizwa. Haulizwi ni nani wa kabila lake, wala ni nani aliyempa unga na leso. Anaulizwa ni nani wa kukabidhiwa mali ya yatima na mjane. Ikiwa baada ya kuchunguza hakumpata hata mmoja, hapana awezaye kumlazimisha kushuhudia asilolijua.

Lakini wanazuoni wa hadithi, walipokuwa wakiwapima wapokezi, walikuwa na kanuni yenye hekima kubwa, iliyoshikwa na wengi wao: anayemsifu mpokezi kuwa ni muadilifu hukubaliwa bila ya kutaja sababu, ama anayemtoa kasoro hakubaliwi mpaka aeleze kasoro yenyewe ni ipi. Kwani huenda mtu akaona kasoro pasipo na kasoro, au akasema kwa chuki tu.

Sasa tutazame. Karatasi tupu haielezi kasoro. Kwa sheria ya Kenya, karatasi isiyo na alama huingia katika kura zilizokataliwa, pamoja na ya mzee aliyetia alama mbili kwa kutoona vizuri. Na mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura hizo zisiingizwe katika kutafuta asilimia za wagombea urais. Mwaka 2022, katika kura ya urais, zilikuwa 113,614. Ni nani katika hizo aliyekataa kwa dhati, na ni nani aliyekosea? Hajulikani. Na aliyebaki nyumbani hali yake ni duni zaidi. Mwaka huo walioandikishwa walikuwa 22,120,458, na zaidi ya milioni 7 na nusu hawakwenda vituoni, idadi inayozipita kura 7,176,141 alizopata mshindi. Jeshi kubwa namna hii, na halikusema neno! Aliyekasirika amehesabiwa pamoja na mgonjwa, na msafiri aliyekwama upande wa Uganda, na aliyelala.

Si kila zama wala kila nchi mambo yalikuwa hivi. Tanzania, katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1965, mgombea alikuwa mmoja, lakini mpiga kura aliwekewa "ndiyo" na "hapana", na hapana yake ilihesabiwa. India, tangu mwaka 2013, wapiga kura wana nafasi ya kuwakataa wote, na idadi yao hutangazwa, ijapokuwa haimzuii mwenye kura nyingi kushinda. Nasi Kenya tulikuwa na mlolongo wa mwaka 1988, watu wakipangwa nyuma ya picha za wagombea mchana kweupe. Asiyesimama popote alionekana na kila mtu. Twashukuru kwa kura ya siri. Ila siri hiyo hiyo huzificha na sababu za mkataaji.

Na liko jambo linalosahauliwa kuliko yote. Siku ya uchaguzi mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge na ya mwakilishi wa wadi. Asemaye "wote ni wezi" amewahukumu watu wengi kwa neno moja. Je, ameuliza habari za yule anayegombea wadi, ambaye nyumba yake huiona akiwa mlangoni kwake? Mwakilishi wa wadi ndiye anayekaa katika bunge la kaunti, akapitisha bajeti na kumhoji gavana. Kuziacha karatasi zote sita kwa hasira ya moja ni kumwondolea gavana mbaya msimamizi wake. Karatasi zikataliwe moja moja, kila moja kwa kasoro yake.

Wapo watakaotujibu kwa kanuni ya fiqhi ya kuchukua lenye madhara mepesi. Ni kanuni sahihi, na pale tofauti ya wagombea wawili inapojulikana twaishika. Lakini tumeisikia mara nyingi mno vinywani mwa watu ambao "madhara mepesi" yao, kila uchaguzi, huwa ni mtu wa ukoo wao. Ama aliyepokea shilingi mia mbili kwa huyu na mia mbili kwa yule, kisha akasema amewakataa wote, huyo hakukataa. Amekula rushwa mara mbili.

Basi kasoro ielezwe wapi? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 196, inalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Uchaguzi ujao umepangwa kuwa tarehe 10 Agosti 2027. Anayekusudia kukataa na aanze mapema: aende na wenzake wa soko kwenye mikutano ya bajeti, waulize ada ya malori iliyokusanywa ni kiasi gani na imejenga nini, waandike waliyojibiwa na waliyonyimwa, kisha wayasome hadharani mbele ya kila anayekuja kuomba kura. Atakayewajibu kwa ukweli huenda wakabadili nia juu yake. Asiyejibu, wakiiacha karatasi yake tupu, mji mzima utakuwa unajua kwa nini.