Kushusha Pumzi

Bolti ya kumi na mbili ndiyo iliyokatika. Kumi na moja zilitoka, nyingine kwa kubembelezwa, nyingine kwa matusi. Hii ya nyuma kabisa, upande wa dereva, pale mkono unapofika na jicho lisifike, ililia kidogo kama bawaba ya mlango wa zamani, kisha ikawa laini ghafla. Nikajua. Kuna ulaini wa kitu kilichokubali, na kuna huu. Kichwa kilikuja na spana, mwili ukabaki ndani ya injini.

Nilikuwa nimelala chali chini ya Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, kwenye gereji ya nyumba ninayopanga hapa Ohio. Ilikuwa Novemba, na saruji inaninyonya joto la mgongo. Gari limekaa juu ya stendi nne. (Jeki ni ya kunyanyulia tu. Asiyeamini hilo asiingie chini ya gari.) Mpwa wangu, aliyezaliwa huku huku, alikuwa amekalia ndoo akinimulikia tochi.

"Mjomba, imekatika?"

"Imekatika."

"Sasa?"

Sasa tukanywe chai.

Injini ya gari hili ni V8 ya inchi za ujazo 350, kama lita 5.7, silinda nne kila upande. Kiwandani iliwekewa menifoldi za kutolea moshi, za chuma kizito, zilizoshikwa na bolti zile kumi na mbili. Mle ndani moshi wa silinda nne unaingia kijichumba kimoja kifupi, unapigana vikumbo, ndipo unatafuta mlango. Nilichokuwa nataka kuweka mahali pake ni hedazi: mabomba marefu membamba, kila silinda na lake, yanayopinda na kupishana kama mizizi ya mkoko mpaka yakutane chini kwenye bomba moja pana. Urefu ule si urembo. Moshi ukitoka kwa kishindo unaacha nyuma yake upungufu wa hewa. Upungufu huo ukiwahi wakati wake, unaivuta pumzi ya jirani itoke, na hata kuikaribisha hewa mpya ndani ya silinda kabla pistoni haijaanza kuivuta. Anayeondoka anamfungulia njia anayeingia.

Silinda za injini hii huwaka kwa zamu: 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2. Nilizirudia namba hizo chini ya gari mpaka zikawa kama uradi, na sioni kama ni kufuru, kwa sababu ulimi uliozoea kuhesabu hauulizi unahesabu nini. Witiri ziko upande wa dereva, shufwa upande wa pili. Tazama 5 na 7. Ni majirani, ukuta kwa ukuta, na zamu zao zinafuatana. Mmoja hajamaliza kushusha pumzi, mwenzake yuko mlangoni. Upande ule mapigo hayaendi sawa kwa sawa. Yanakaribiana, yanaachana, yanakaribiana tena. Upande wa pili nao vivyo hivyo, kwa 8 na 4. Ndipo unapotoka ule mngurumo wa V8 ya Kimarekani, kama mtu anayekohoa na kucheka kwa pamoja. Watu hulipa fedha nyingi ili wausikie vizuri mparaganyiko huo.

Bibi yangu, kule Pangani, alikuwa na pumu. Usiku ikimshika aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, midomo ameifinya kama anayepuliza makaa. Mimi nilisimama nikimpepea kwa kipepeo cha ukindu kwa nguvu zangu zote, nikidhani hewa haimtoshi. Akanyanyua mkono. "Mume wangu, usinipepee. Nipe nafasi." Sikuelewa mpaka muuguzi wa zahanati aliponieleza kwamba hewa anayo tele, kifua kimejaa, kinachomshinda ni kuitoa. Hiyo ya zamani isipotoka, hii mpya itakaa wapi?

Pumu, pumua, pumzi, pumzika. Kiswahili kimeyaweka maneno haya nyumba moja, nami nimeishi nayo miaka yote bila kubisha hodi. Tunamwomba Mungu atupe pumzi, na tukishukuru tunashukuru kwa ile inayoingia. Ile inayotoka tunaiogopa kidogo, labda kwa sababu ya mwisho kabisa itakuwa ya kutoka. Lakini Bibi, kifua kilipofunguka karibu na alfajiri, alisema Alhamdulillahi, na alilisema wakati pumzi inatoka. Jaribu mwenyewe kusema neno huku ukivuta hewa, utakwama. Dua, salamu, jina la mtoto unayemwita aje kula, vyote vinaundwa na hewa ambayo mwili umekwisha kuitumia na hauna haja nayo tena. Kila tunachomwambia Mungu tunakisema kwa mabaki ya pumzi.

Na injini hivyo hivyo. Ikivuta hewa kwenye kabureta inanong'ona tu. Sauti yake, ile inayomfanya mtu ageuke njiani, iko kwenye moshi.

Bolti iliyokatika ilinichukua siku tano. Kila jioni nikirudi kazini, baada ya Alasiri, niliingia chini nikaitia mafuta ya kufungua kutu, nikaigonga kidogo, nikaiacha. Sikuizungusha. Huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe: kwenda mahali pa kazi na kutofanya kazi, kuyaachia mafuta yapenye kwa mwendo wake kwenye kutu ya zaidi ya miaka hamsini. Siku ya tano mzee jirani yetu, mstaafu wa kiwanda cha magari, alikuja na mashine ya kuchomelea. Akaweka nati juu ya kisiki cha bolti, akajaza moto katikati ya nati mpaka ikawa nyekundu, akasubiri wekundu utoweke. Kisha akazungusha nusu mbele, robo nyuma, nusu mbele. Ikatoka nzima. Mzee hakusema chochote. Aliitazama kama daktari wa meno anavyotazama jino, akaitia mfukoni.

Kuna kilichopotea pia, na sitaki kukificha. Menifoldi ya kulia ilikuwa na kijilango kinachojifunga asubuhi ya baridi na kurudisha joto la moshi kupasha kabureta. Chetu kilikuwa kimekamatwa na kutu, lakini mabomba mapya hayana hata nafasi yake. Kwa hiyo gari hili sasa ni zito kuamka wakati wa baridi, linataka kusubiriwa. Naona ni haki.

Kufunga kulikwenda upesi kuliko kufungua. Tulitoa plagi na stata, tukapitisha mabomba kutoka chini, gasketi mpya, bolti zote kwanza kwa vidole bila spana, ili kila moja ipate mahali pake kabla ya yoyote kukazwa. Nyaya za plagi tukaziweka mbali na chuma, maana pale zitaungua. Mlango wa gereji tukaufungua wote, baridi ikaingia; moshi wa gari una sumu isiyo na harufu, na haujali umejifunza nini kuhusu pumzi. Nikasema Bismillahi, nikawasha. Mabomba yakafuka moshi mweupe, mafuta ya kiwandani yakiungua. Mpwa akaziba masikio, kisha akayazibua. Mizunguko 800 kwa dakika gari likiwa limesimama ni pumzi 3,200 zinazoshushwa, na mimi nilikuwa nimeshika yangu bila kujijua.

Kesho yake, injini ikiwa imepoa, tulirudi chini kukaza upya, kwa kuwa gasketi hulala baada ya moto wa kwanza. Bolti saba zilikubali robo mzunguko. Ile ya nyuma kabisa nilimwachia kijana. Aliingiza mkono mpaka kwapani, akafumba macho, akanyamaza. Halafu nikamsikia akishusha pumzi.

"Imekaza, Mjomba."