Mlevi anajulikana kwa jina baa, msikitini je?

NDUGU msomaji, usishangae mwalimu wa dini kuanza na habari za filamu ya walevi. Inaitwa Bloody Nose, Empty Pockets, yaani pua inavuja damu na mifuko mitupu (jina peke yake ni khutba). Ilitoka mwaka 2020, kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Bill na Turner Ross, kwa fedha kidogo. Inaonyesha siku ya mwisho ya baa moja ya Las Vegas: wateja wa kila siku wanacheka, wanaimba, wanalia, wanagombana na kukumbatiana.

Simhimizi mtu kuitafuta. Nilioneshwa na kijana ninayemfundisha hapa Kisawasawa, akaniuliza: "Ustadhi, mbona hawa wanapendana kuliko sisi?"

Nikamwambia kwanza kuwa baa ile haikuwa Las Vegas. Ilipigiwa picha New Orleans, haikuwa ikifungwa, na wateja walikusanywa kwa ajili ya filamu. Wengi hawakuwa wakijuana. Pombe tu ndiyo ilikuwa ya kweli. Undugu ule ulipikwa upesi kama uji, na usiku ukiwa mkubwa kicheko cha mchana kinageuka ugomvi. Rejea Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, ambapo Allah (S.W.) anatutahadharisha kuwa shetani hupitia pombe na kamari kututilia uadui na kutuzuia na swala.

Lakini swali la kijana lilikuwa bado halijaisha. Huku kwetu, kando ya barabara ya Ifakara, mpunga ukivunwa au malipo ya miwa yakitoka, vilabu hujaa, na humo wamo akina Juma na akina Ramadhani wetu. Mpunga mwingine huuzwa ungali shambani, na ada ya mtoto ikaishia kwenye gongo. Akina mama wanayajua haya kuliko mimi. Hata hivyo mtu huyo akifika kilabuni anaitwa kwa jina, anasogezewa benchi. Asipoonekana siku tatu anatumiwa mtu. Akija msikitini Ijumaa anapishwa pia, ila kwa kukimbiwa harufu!

Imam Bukhari amepokea kisa cha Swahaba aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa ulevi, akaadhibiwa. Mtu mmoja akamlaani. Mtume (S.A.W.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu alipewa na haramu ilibaki haramu, lakini nafasi yake katika jamaa hakunyang'anywa.

Sisi wetu tunamsema kwenye kipaza sauti. Akitaka kuacha, siku hiyo hiyo anawaacha watu pekee wanaomsalimu. Nani atakaa naye saa mbili usiku kiu inapomshika, ilhali sisi tumeshaswali Isha na kutia kufuli?

Wazee wa misikiti, nawaomba kwa heshima: taa ya barazani iwake mpaka saa nne, kahawa iwepo, na watu wawili wawili wapangiwe zamu ya kumfuata anayetaka kuacha, kabla wenzake hawajamtumia mtu. Mimi nipangieni Jumamosi, maana ndiyo siku vilabu vinapojaa kupita zote.