RAMADHANI, SIKU YA 12: TAWI LA JIRANI LIKIINGIA KWAKO



Ndugu zangu wafungaji, swali la leo limeletwa na mama mmoja wa hapa hapa mtaani. Mwembe wa jirani umelalia bati lake. Majani yanaziba mfereji wa maji ya mvua, upepo ukivuma tawi linakwangua bati usiku kucha, na masika ndiyo hayo yanakuja. Kamwambia jirani mara tatu. Mara ya tatu kajibiwa kwa matusi, tena mbele ya watoto. Anauliza: "Ustadh, nikilikata, nina dhambi?"

Tuanze na fiqhi. Sisi ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na maulamaa wetu wameliweka wazi jambo hili. Anga iliyo juu ya kiwanja chako ni haki yako. Tawi likiingia, mwenye mti anatakiwa aliondoe. Akikataa, unaruhusiwa kulipinda lirudi kwake. Likiwa halipindiki, ndipo unakata, na unakata kile kilichoingia kwako tu. Shina si lako, usiliguse. Na embe zilizoning'inia upande wako? Ni za mwenye mti. Kuni vilevile.

Kwa hiyo mama, kukata si dhambi. Lakini nakuomba usikate leo, ukiwa na hasira na kiu ya alasiri.

Mtume (s.a.w.) alitajiwa mwanamke anayesali usiku, anafunga, anatoa sadaka, ila anawaudhi majirani kwa ulimi wake. Akasema hana kheri, huyo ni wa motoni. Akatajiwa mwingine, ibada zake ni zile za faradhi na sadaka kidogo, lakini hamuudhi mtu. Akasema huyo ni wa peponi. Ameipokea Imamu Ahmad. Jamani, tunafunga tangu alfajiri mpaka magharibi, halafu tuipoteze funga yote ukutani kwa jirani? Haki yako iko kwenye tawi. Kwenye heshima yake huna cha kukata.

Basi fanya hivi. Nenda mara ya nne, baada ya tarawehe, watu wameshakula na roho zimetulia. Usiende peke yako. Mchukue mzee anayemheshimu, au mjumbe. Zungumzia bati tu. Habari za mbuzi wake na yale maneno ya mwaka juzi ziache nyumbani. Kama unaweza, mwambie fundi wa kukata utamlipa wewe. Halafu mpe siku maalumu.

Akikataa tena, toa taarifa serikali ya mtaa ili wawe mashahidi. Kisha kata mchana kweupe, watu wakiona. Embe na kuni zipeleke mlangoni kwake, usibakize hata moja. Akizitupa, umeshatimiza lako. Subira haina maana uache nyumba yako iharibike. Maana yake uidai haki yako bila kudhulumu.

Na wewe mwenye mwembe, najua unasoma. Katika Sunan Abu Daud kuna kisa cha mtu aliyekuwa na mtende ndani ya shamba la Answari, na kuingia kwake kukawa udhia kwa mwenye shamba na watu wake. Mtume (s.a.w.) akamtaka auuze, akakataa. Abadilishane, akakataa. Autoe zawadi apate malipo kwa Allah, akakataa. Basi Mtume akamwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, na akamwamuru Answari akaung'oe. Angalia: aliombwa mara tatu kwa upole, mwisho akakosa mti na akakosa thawabu. Wewe unaombwa tawi tu. Mti wako unabaki na kivuli chako kinabaki. Mwite fundi kesho asubuhi, na uwe ndiyo sadaka yako ya mwezi huu.

Kila mmoja wetu leo atazame juu ya ukuta wake. Je, kuna kitu changu kinachomkera jirani: majani, maji machafu, moshi, redio? Kabla ya futari, kiondoe.

Ewe Mola, tujaalie majirani wema, na utujaalie sisi kuwa majirani wema. Zilinde funga zetu na ndimi zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.