Barua ya Mama Mkwe

Wengi wetu tulifundishwa habari za David Livingstone kuanzia Ujiji: daktari mgonjwa aliyekutwa na Stanley mwaka 1871, ambaye baada ya kufa alibebwa na akina Chuma na Susi hadi Bagamoyo. Picha hiyo ya mtu mwema na mvumilivu ilijengwa pia na vitabu. William Garden Blaikie, aliyeandika maisha yake mwaka 1880, alitegemea zaidi shajara na barua zilizotunzwa na familia. Siku hizi mtu yeyote anaweza kuzisoma barua nyingi za ukoo ule. Ukizisoma unakutana na nyumba iliyopewa onyo mara nyingi, na baba ambaye hakulisikia.

Mkewe, Mary, alikuwa binti wa wamisionari wa Kuruman, Robert na Mary Moffat. Mwaka 1850 Livingstone na mkewe waliishi Kolobeng, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Livingstone aliamua kusafiri kuvuka Kalahari hadi Ziwa Ngami, akamchukua mkewe aliyekuwa mjamzito pamoja na watoto wao watatu wadogo, wote ndani ya gari la maksai. Huko watoto walishikwa na homa. Waliporudi nyumbani Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth, na baada ya wiki chache mtoto akafa. Mama mwenyewe alipooza upande mmoja wa uso.

Tufikirie hapo kidogo. Mume huyu alikuwa daktari mwenye cheti cha Glasgow, na mgonjwa alikuwa ndani ya nyumba yake, akimwona usoni kila asubuhi. Hata hivyo mwaka uliofuata alipanga safari nyingine kama ile, na Mary alikuwa mjamzito tena.

Ndipo ikaja barua ya mama mkwe. Bibi Moffat alimkumbusha mkwewe kwamba alikuwa amemwahidi: Mary akiwa mjamzito hatamchukua safarini, atamwacha aende Kuruman kwa mama yake. Sasa amepata barua ya binti yake mwenyewe, akisema kwa uchovu kwamba ni lazima ashike tena njia ya bara, na kwamba huenda akajifungulia porini. Mama alimuuliza kama haikutosha kumpoteza mtoto mmoja mzuri na kuwaokoa wengine kwa shida. Akamwambia kwamba ulimwengu mzima utauhukumu ukatili huo.

Kwetu tunajua heshima iliyopo kati ya mama mkwe na mume wa bintiye. Hafungui kinywa kwa jambo dogo. Mama wa namna hiyo akifika mahali pa kuandika maneno mazito kiasi hicho, ujue amekwisha kulia peke yake. Livingstone aliielewa barua hiyo vizuri, maana aliinakili ndani ya shajara yake. Kisha akafunga safari.

Sababu yake ndiyo inayonitisha, kwa kuwa inaweza kuwa yangu au yako. Hakusema kwamba hapakuwa na hatari. Aliandika kwamba kumpeleka mke na watoto kwenye nchi ya homa ni kujihatarisha, lakini akauliza ni muumini gani wa Yesu atakayekataa kujihatarisha kwa ajili ya kiongozi kama huyo. Ndugu msomaji, mwenye kazi mbaya hukumbushwa na dhamiri yake. Mwenye kazi njema, anayehubiri, anayefundisha, anayetibu watu usiku na mchana, hupata urahisi wa kuamini kwamba Mungu amekwisha mjibia maswali ya nyumbani.

Jangwani maji yaliisha. Livingstone alieleza baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1857, jinsi watoto walivyokaribia kufa kwa kiu, na mkewe hakutamka hata neno moja la lawama, ila machozi machoni pake yalionyesha uchungu wake. Alikiona kimya hicho na kukisifu. Lakini mke aliyeacha kulalamika si lazima awe ameridhika. Pengine ameshaona kwamba maneno yake hayana pa kuingia. Tuchunguze nyumbani kwetu ni nani aliyekuwa akisema na sasa amenyamaza.

Tarehe 15 Septemba 1851 Mary alijifungua mtoto wa kiume kandokando ya Mto Botletle. Wote walirudi hai. Nadhani hapo ndipo kosa lilipopata mizizi, kwa sababu mtu akiponea chupuchupu huona kwamba waliomwonya walikuwa waoga. Mwaka 1852 aliipandisha familia meli huko Cape Town kwenda Uingereza. Mary aliishi huko kwa dhiki zaidi ya miaka minne, huku mumewe akivuka Afrika.

Katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858, sauti za onyo zilizidi kupungua. Bedingfeld, mmoja wa wenzake msafarani, aligombana naye akaondoka. Mwingine, Baines, alifukuzwa kwa tuhuma za wizi na hakupewa nafasi nzuri ya kujitetea. Maporomoko ya Quebrabasa yalipoziba njia, Livingstone aliandikia serikali kwamba meli yenye nguvu zaidi ingepita wakati wa mafuriko. John Kirk, daktari mwenzake ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, aliandika katika shajara yake mwaka 1862 kwamba kiongozi wao hana akili timamu na ni hatari kumfuata. Wakubwa wengi huzungukwa na wasaidizi wanaojua ukweli na kuuficha daftarini. Nasi tulio chini ya wakubwa tujiulize tunayaandika wapi tunayopaswa kuyasema.

Mapema mwaka huo huo wa 1862 Mary aliwasili kwa mumewe. Safari ilichelewa katika nyanda za chini za mto, katika msimu wa homa, na Livingstone aliijua homa hiyo kuliko karibu wote waliokuwapo. Alikuwa na vidonge vyake mwenyewe vya kwinini. Tarehe 27 Aprili Mary alifariki Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu.

Robert, mwana wao mkubwa, alikwenda Marekani akajiunga na jeshi la kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa jina la Rupert Vincent. Alimwandikia baba yake kwamba alibadili jina ili asizidi kulitia aibu lile la Livingstone. Alikufa Desemba 1864 akiwa mateka wa vita huko Salisbury, North Carolina, akiwa na miaka 18. Baba yake, katika maneno ambayo Blaikie aliyachapa, alikiri kwamba anajuta jambo moja: kule Kolobeng kazi ilimchosha hivi kwamba jioni hakubakiwa na nguvu za kucheza na watoto wake.