Samaki Wangapi Wawekwe Sandukuni?

Wako watu wafugao samaki wa bahari nyumbani, katika sanduku la kioo lenye maji ya chumvi. Huuliza, "Samaki wangapi watatosha?" Wengi hujibu kwa jicho: wakiona nafasi, huongeza. Lakini jicho halioni yote. Taka za samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Vijidudu visivyoonekana, vikaavyo katika mawe na mchanga, huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni hafifu. Lakini navyo vina kiasi cha kazi. Tena kangaja, samaki wa miambani, anunuliwaye akiwa mdogo kama kidole, huweza kupita sentimeta 20 akikua.

Baharini samaki akibanwa huhama. Sandukuni hana pa kwenda. Basi aliyemfungia humo amejitwika kazi ya bahari. Mtu akisema, "Nimewanunua, ni mali yangu," asema kweli. Lakini hakununua ruhusa ya kuwatesa. Yampasa aweke wachache, awaongeze polepole, tena awahesabu kwa ukubwa watakaoufikia, si kwa udogo walio nao leo.