Nia Njema Peke Yake

Mama mmoja wa Mabatini, hapa Mwanza, alitujia na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Kijana wake amemaliza kidato cha nne, naye ataka kuingia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. «Baba,» akasema, «nimemlisha na kumsomesha miaka yote hii. Je, ni haki aende akafe kwa ajili ya makabati ya watu wengine?» Jirani zake wamemcheka. Sisi hatumcheki, maana ameuliza jambo ambalo wengi wetu twalipita kimya: mtu aweza kudaiwa uhai wake kwa ajili ya jirani, na kama aweza, yampasa awe amejua nini kabla hajautoa?

Twaanzia ziwani, kwa kuwa wa Mwanza hawakusahau. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kufika bandarini. Kwa muda sehemu ya tumbo lake ilibaki juu ya maji, na ndani walikuwamo watu walio hai wakigonga chuma. Wenye huruma wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama pamoja nao. Mamia walikufa siku ile, na wengi wao walizikwa Igoma. Atokaye mjini kwenda huko kwa barabara ya Musoma hupita Mabatini.

Je, waliotoboa walitenda dhambi? Hapana. Waliyasikia makofi ya watu juu ya chuma, wakafanya lile ambalo moyo wa binadamu huliamuru. Lakini wanateolojia hutofautisha ujinga ambao mtu hakuwa na njia ya kuuondoa, na ujinga ambao angeweza kuuondoa kama angetaka. Ule wa kwanza humwondolea mtu lawama. Huu wa pili hauna kinga hiyo. Mtu mmoja aliyesimama juu ya meli ile hakuwa na njia. Bali taifa zima lenye ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika, lenye meli na abiria tangu zamani, je, nalo laweza kusema halikuwa na njia? Hapo ndipo dhamiri zetu sote, wapiga kura, walipa kodi na wazazi, zinapoguswa. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ilipitishwa mwaka 2007, na chuo chake kipo Chogo, wilayani Handeni. Ni vema. Lakini chuo bila vijana ni majengo tu, na vijana hutoka katika nyumba zetu.

Mtakatifu Toma wa Akwino afundisha kwamba fadhila ya nguvu huongozwa na busara. Pasipo hiyo, ujasiri waweza kuwa wa bure, hata wa kudhuru. Zamani tulidhani hayo ni maneno ya darasani. Sasa twayaona jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, wataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Maana yake mitungi ya gesi itazidi kupanda vilima vya Mabatini, mingine juu ya pikipiki, hata kwenye nyumba zilizojengwa kati ya mawe, mahali ambapo gari la zimamoto halifiki. (Tulipopanda huko, sisi wenyewe tulipumzika mara tatu.)

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitoki dirishani, bali hujilaza sakafuni kama maji, ikingoja jiko la mkaa au cheche ya swichi. Hata harufu yake kali si yake. Hutiwa makusudi ili pua ituonye. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyofikishwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, ni nyepesi, nayo hupanda. Aliyefundishwa habari za moja tu aweza kupotea mbele ya nyingine.

Tena kuna jambo gumu zaidi. Moto ukiwaka mdomoni mwa mtungi, mjuzi hauzimi kabla hajapata njia ya kuifunga gesi. Huipoza mitungi iliyo karibu kwa maji, moto akiuacha uwake. Kwa nini? Kwa sababu moto ukizimika na gesi ikaendelea kutoka, itakusanyika bila kuonekana, na cheche moja yaweza kuibomoa nyumba. Fikirini basi umati uliosimama pale! Watu watapiga kelele, watamwita mvivu, pengine watamrushia mawe. Kuvumilia kelele hizo na kusimama mahali unapojua pakupasa kusimama ni ushujaa ambao hausifiwi na mtu.

Twakumbuka kadhalika tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisifiwa na taifa zima, akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kupelekwa kufundishwa. Wengine waliona ajabu: shujaa aliyekwisha kuonekana apelekwe shule ya nini? Sisi twaona hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote alizopewa. Fedha ilimshukuru kwa siku moja iliyopita. Mafunzo yaliheshimu siku zitakazokuja, na watu ambao bado hawajamwita.

Kwa hiyo tulimrudia yule mama. Tulimwambia kwamba kijana aliyefundishwa hapelekwi kufia makabati: jambo la kwanza analofunzwa ni kuuliza kama ndani yumo mtu, na kwa ajili ya vitu tu hapaswi kuhatarisha uhai. Asiyefundishwa ndiye hurudi motoni kuchukua redio. Tulimwambia pia, kwa kuwa hatupendi kumdanganya mzazi, kwamba hatari haiondoki. Chuo huipunguza tu, na iko siku mwanawe aweza kuombwa kila kitu kwa ajili ya mtoto wa mama mwingine.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza nauli ya kwenda Handeni ni kiasi gani.